Kidole cha Mwisho

Namba yangu ilikuwa mia na kumi na saba.
Mlinzi aliiandika kwa kalamu nyekundu
kwenye kipande cha boksi la biskuti,
akasema, "Mama, usikipoteze, hakuna kingine."
Nikakifunga kwenye ncha ya kanga,
pale ninapofunga nauli nikiwa nayo.

Nilitoka Keko Machungwa kwa miguu,
bahasha ya kaki kwapani:
barua ya kiwanda, mhuri wake umekolea nusu,
hati za mshahara za mwaka wa mwisho,
picha mbili ndogo za mwanamke ninayefanana naye.
Saa mbili asubuhi benchi limeshajaa.
Sisi wa nyuma tukaegemea ukuta
wenye bango la msichana aliyevaa kofia ya ujenzi, anacheka.
Sijui yeye alipata kazi wapi.

Dirisha la kwanza ni la wanaotafuta.
"Ujuzi?" akauliza dada, macho kwenye kompyuta.
Nikasema: kusugua kingo za vigae.
"Hiyo haimo. Chagua:
usafi, ulinzi, mauzo, mengineyo."
Miaka kumi na mmoja
nikaiingiza kwenye mengineyo.

Dirisha la pili ni la fao.
Fao la kukosa ajira: jina refu kama la mtu mkubwa,
mwenyewe mdogo,
miezi yake unaihesabu kwa vidole.

Bwana Mfinanga, miwani imefungwa uzi,
alipokea bahasha kwa mikono miwili.
Jambo dogo. Nimeliweka.
"Siwema Kibwana Mkumba. Weka kidole gumba."
Nikaweka. Mashine ikalia.
"Futa jasho."
Nikafuta. Ikalia.
Cha shahada. Cha kati. Cha pete. Cha mwisho.
Mkono wa kulia ukaisha, tukahamia kushoto.
"Mama," akasema taratibu, "huna alama."

Ningekuwa nazo wapi?
Zilikwenda na maji meupe ya mashineni,
kila zamu, kila kigae,
zikiisha kama sabuni ya kipande.
Zimelala kwenye mabafu ya watu wa Mbezi,
kwenye ukumbi wa benki nisikoweka pesa.
Nikatazama chini. Kumbe na hapa.
Rangi ya maziwa, doa la kahawia pembeni,
daraja la pili, tulikuwa tukiviita "vya ofisini".
Kimoja, chini ya kiti chake, kimemomonyoka ukingo,
kazi ya mtu aliyesinzia zamu ya usiku.
Labda mimi.

Nyuma yangu kijana akasonya.
Sauti nyingine, ya sigara nyingi, ikamjibu:
"Mwache. Na wewe utafika."

"Kuna kimoja hatujajaribu," akasema Bwana Mfinanga.
Cha mwisho, cha kushoto.
Hicho hakikuwahi kugusa kigae.
Tulifundishwa kukiinua juu kisije kikakatwa,
kikae hewani kama cha bibi
anayekunywa chai kwa kikombe cha wageni,
na msimamizi Ndunguru alikuwa akikitania:
huyo mvivu wako, Siwema, analipwa bure.
Nikakiweka.
Taa ya kijani.

Vile tisa vilivyohangaika, hakuna anayevijua.
Serikali inamtambua mvivu.
Nilicheka, na Bwana Mfinanga akacheka
bila kujua ninachocheka,
akagonga mhuri, huu umekolea wote,
akasema nirudi baada ya wiki tatu, au nne,
nisisahau kuja na kidole.

Getini mlinzi alidai kipande chake cha boksi,
akampa mtu aliyekuwa anaingia.

Jioni, nikiosha sufuria ya ugali uani,
majirani waliniona nimekiinua juu ya maji,
kirefu kuliko kilivyokuwa kiwandani,
na hakuna msimamizi.